Udongo Chini ya Makaa: Kiwanda cha Matofali cha Prestongrange

Mgeni anayefika Prestongrange, kwenye ufuko wa Firth of Forth mashariki ya Edinburgh, huvutwa kwanza na jengo refu lenye boriti kubwa ya chuma iliyotokeza ukutani. Hiyo ni mashine ya mvuke ya Cornwall, iliyowekwa hapo mwaka 1874 na kuvuta maji ya mgodi wa makaa ya mawe hadi mwaka 1954. Inastahili kutazamwa. Lakini katika uwanja huohuo limebaki tanuri la matofali, nalo katika historia ya mahali hapa hutajwa mwishoni, kama banda la uani baada ya nyumba kuelezwa chumba kwa chumba. Nashikilia kwamba mpangilio huo unapotosha. Hatuwezi kuuelewa mgodi wa Prestongrange kwa kuhesabu tani za makaa peke yake.

Tuanze shimoni. Tabaka la makaa kwa kawaida hulalia udongo ambao zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita ulikuwa ardhi ya kinamasi, ambamo iliota mimea iliyogeuka kuwa makaa yenyewe. Ukivunja bonge la udongo huo, mara nyingi utakuta ndani yake michirizi myeusi ya mizizi. Mizizi ile na maji ya kinamasi viliuondolea udongo sehemu kubwa ya potasiamu na sodiamu, vitu ambavyo huufanya udongo uyeyuke mapema ukipata joto kali. Uliobaki ni udongo unaostahimili moto, na ndiyo maana ulitafutwa kwa ajili ya kuta za ndani za matanuri ya chuma na boila. Mchimbaji aliyefuata makaa alikuwa amekanyaga bidhaa ya pili. Ya tatu ilimzunguka: mwamba laini wa tope lililogandamana, ambao Waskoti huuita blaes, na ambao ilibidi uvunjwe na kutolewa ili njia ipatikane. Mwamba huo una chembe za kaboni. Ukisagwa na kufinyangwa kuwa tofali la kawaida, unaingia tanurini ukiwa umebeba sehemu ya kuni zake.

Hapa ndipo hoja ya kiuchumi inapokaa. Gharama ya kushusha watu, kupandisha mzigo na kuvuta maji ilikuwa imeshabebwa na makaa. Kila toroli la udongo lililopanda lingeweza kuongeza kifusi juu ya kilima, au lingegeuzwa kuwa tofali, tailizi na bomba la majitaka. Prestongrange walichagua njia ya pili, na hawakuwa wageni wa uchaguzi huo. Mji jirani wa Prestonpans umechukua sehemu ya jina lake kutoka kwenye masufuria makubwa ya kuchemshia maji ya bahari ili kupata chumvi. Katika eneo hili watawa wa Newbattle walipewa haki ya kuchimba makaa tangu karne ya 13, na makaa madogomadogo yasiyopata mnunuzi ndiyo yaliyofaa kuwashwa chini ya masufuria hayo. Kiwanda cha matofali kilirithi desturi kongwe ya pwani hii: kisichouzika kikiwa ghafi hupitishwa motoni kikatoka na bei.

Tanuri lenyewe linadai tulikaribie. Ni la aina iliyobuniwa na Mjerumani Friedrich Hoffmann na kupewa hataza mwaka 1858. Aliyewahi kuona matofali yakichomwa kijijini anajua utaratibu wake: unapanga, unakandika udongo, unawasha, unasubiri yapoe, kisha unabomoa na kuanza upya, huku joto lote likiwa limepotea hewani. Katika tanuri la Hoffmann matofali hukaa palepale na moto ndio unaosafiri. Vyumba vimeungana kuwa njia moja inayozunguka na kurudi ilikoanzia. Wafanyakazi waliosimama juu ya paa walidondosha makaa ya unga kupitia matundu madogo, na moto ukahama chumba hadi chumba. Hewa iliyoulisha ilipita kwanza katikati ya matofali yaliyokwisha kuiva, ikayapoza na yenyewe ikapata joto. Moshi nao ulipelekwa mbele kuyakausha mabichi. Upande mmoja mtu alikuwa akitoa matofali yenye uvuguvugu, na upande wa pili mwenzake anapanga mapya. Moto ungeweza kuzunguka hivyo miezi na miezi bila kuzimwa. Huo ni uhandisi usiopungukiwa na chochote mbele ya ile mashine ya mvuke, na sioni sababu ya kuuweka nafasi ya pili.

Atakayepinga atasema kwamba bila mgodi pasingekuwa na kiwanda. Kwa habari ya mwanzo, nakubali. Mwisho wake unasema vingine: mgodi, uliotaifishwa mwaka 1947 pamoja na migodi mingine ya Uingereza, ulifungwa mwaka 1962, na matofali yaliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1970. Kwa zaidi ya miaka kumi kile kinachoitwa cha pembeni ndicho kilichobaki kikifanya kazi.

Tena kimeacha kumbukumbu zake. Uskoti ilikuwa desturi kulipiga tofali chapa ya kiwanda, na la hapa limeandikwa PRESTONGRANGE kwa herufi kubwa zilizozama kwenye uso ambao mwashi huufunika kwa mota. Neno hilo hukaa gizani muda wote nyumba inapokuwa imesimama, likaja kuonekana siku ukuta unapobomolewa. Makaa ya mgodi huu yalikwenda na moshi, na safari zake tunazifuata kwa vitabu vya hesabu tu. Tofali bado liko pale lilipopelekwa. Mtafiti atakayeandika mahali kila tofali la chapa hii linapoibuka, ukuta kwa ukuta, ataweza kuchora ramani ya soko la Prestongrange ambayo takwimu za tani haziwezi kumpa.