Tambi, Supu ya Ng'ombe na Safari ya Muda



Jumamosi iliyopita nilimpeleka ami yangu kwenye kimkahawa cha tambi hapa Katy, magharibi ya Houston, karibu na pale I-10 inapokutana na Grand Parkway. Ami ana miaka 81 na amekuja kutoka Muscat kutuangalia. Unguja aliiacha mwaka 1964, kijana.

Mlangoni akasimama. "Mwanangu, Mchina na nguruwe si ndugu hawa?" Nami, kwa kiburi cha mtu aliyesomea historia, nikamjibu kuwa supu hii asili yake ni ya Waislamu. Nitaeleza nilichomwambia, kisha nieleze nilipoteleza.

Lanzhou ni mji mkuu wa mkoa wa Gansu, kaskazini-magharibi ya Uchina, ukingoni mwa Mto Manjano. Huko wapo Wahui, Waislamu wanaosema Kichina, na Mhui mmoja, Ma Baozi, ndiye anayetajwa kuipa supu hii sifa yake mwaka 1915. Kanuni yake wanaihifadhi kwa rangi: supu iwe safi, figili nyeupe, mafuta ya pilipili mekundu, kotmiri ya kijani, tambi za manjano. Unga ulikuwa ukitiwa majivu ya mmea wa nyikani, kazi ile ile ya magadi kwetu, ili donge livutike lisikatike. Mpishi hulivuta kwa mikono na kulikunja, na kila mkunjo nyuzi zinakuwa maradufu, hata mikunjo minane ikatoa nyuzi 256. Hapana kisu hapo wala mashine.

Ami uso ukamfunguka, khasa nilipomkumbusha Zheng He, ambaye merikebu zake zilifika Malindi karne ya 15, kuwa naye alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu huko Yunnan. Tukaingia.

Kumbe! Bakuli lilipoletwa, supu ilikuwa nyekundu ya kuiva, inanukia maharage yaliyochachushwa, na nyama vipande vikubwa pamoja na kano zake. Hii si ya Lanzhou hata kidogo. Ni ya Taiwan, na historia yake ni nyingine kabisa.

Mwaka 1949, Chiang Kai-shek aliposhindwa na majeshi ya Mao, askari na raia zaidi ya milioni moja walivuka bahari kwenda Taiwan. Wengi waliwekwa kwenye vijiji vya familia za askari, vilivyojengwa haraka haraka maana ilisemwa kuwa ni safari ya muda tu, watarudi. Mwanahistoria Lu Yaodong alitoa rai kwamba supu hii ilizaliwa Gangshan, kusini ya kisiwa, mikononi mwa watu wa Sichuan waliojaribu kuunda upya mchuzi wa kwao wa maharage na pilipili. Ni rai, si hati, lakini mimi naikubali. Wakulima wengi wa kisiwani walikuwa hawali ng'ombe, kwani ndiye aliyewalimia mpunga. Ngano nayo iliingia kwa wingi miaka ya 1950 pamoja na misaada ya Marekani. Kwa hivyo bakuli lile linahitaji mgeni mwenye hamu ya kwao. Na jambo la kuchekesha: Taiwan wakaiita supu ya Sichuan, na Sichuan kwenyewe supu hiyo haikuwako.

Jinsi ilivyofika Texas haina siri. Marekani iliwafungia mlango Wachina kwa sheria ya mwaka 1882, ikailegeza 1943, na sheria ya 1965 ndiyo iliyoufungua hasa. Wanafunzi na wahandisi wa Taiwan wakaja, maduka yakajaa Bellaire Boulevard kuanzia miaka ya 1980, na baadaye yakasogea huku Katy, ambako zamani kulikuwa na mashamba ya mpunga.

Nikamuuliza binti aliyetuhudumia nyama inatoka wapi. Akasema kwa muuzaji wa jumla wa kawaida. Basi hoja yangu yote ya Wahui ikaanguka pale mezani. Historia ya chakula haichinji. Mimi nashika kauli ya wanaoruhusu nyama ya Ahlul-Kitab (tafadhali tusiufufue ule mjadala) nikaendelea kula. Ami akaagiza saladi ya matango na chai.

Alikuwa akisikiliza kuliko nilivyodhani. "Na hao askari," akauliza, "walirudi?"

Nikamwambia Taiwan iliwaruhusu kwenda kutazama jamaa zao mwishoni mwa mwaka 1987. Wengine walikuta makaburi ya wazee wao, wengine walikuta wake waliokwisha kuolewa na wanaume wengine.

Akahesabu kimoyomoyo. "Miaka thelathini na nane. Mimi yangu ilikuwa ishirini na saba." Kisha akanisimulia jambo ambalo sijawahi kulisikia kwake: kwamba mwaka 1991, aliporudi kuitazama nyumba yao Malindi ya Unguja, aliyemfungulia mlango alimkaribisha vizuri sana, akamwandalia urojo, na yeye akala akiwa amekaa kwenye baraza ya marehemu baba yake kama mgeni.

Akamwita yule binti, akaniambia nimfasirie: babu yake ni wa wapi? Akasema Chengdu, Sichuan. Alirudi? Mara moja tu, akasema binti, na aliporudi Taiwan hakutaka kuhadithia.

Ami akatikisa kichwa, akajimiminia chai. Tambi zangu zilikuwa zimekwisha kuvimba ndani ya supu.