Mfu Aliyerudi Kudai Viatu

Mwaka 1725, mjane mmoja wa kijiji cha Kisiljevo, kaskazini-mashariki mwa Serbia, alifungasha vyake akahama. Mumewe, Petar Blagojević, alikuwa na wiki kama kumi kaburini. Mjane alisema marehemu alimjia nyumbani akidai opanci zake, viatu vya ngozi vya wakulima wa huko.

Kijijini mambo yalikuwa yameharibika. Watu tisa walikufa ndani ya siku nane, kila mmoja akiugua kwa siku moja tu, na kabla ya kukata roho wakasema Petar aliwajia usingizini, akawalalia na kuwakaba koo. Eneo hilo lilikuwa chini ya dola ya Habsburg, hivyo wanakijiji wakamwita Frombald, ofisa wa dola, ashuhudie kaburi likifukuliwa. Alipotaka kwanza ruhusa ya wakubwa wake wa Belgrade, wanakijiji wakamwambia watahama wote. Akaridhia. Maiti ilikutwa haijaoza, na mdomoni ina damu. Wakaipiga kigingi moyoni, kisha wakaiteketeza.

Ripoti ya Frombald ilichapwa mwaka huohuo katika gazeti la Vienna, Wienerisches Diarium. Mwaka 1732 ripoti ya madaktari wa jeshi kutoka kijiji kingine cha Serbia, Medveđa, ikasambaa Ulaya nzima. Neno la Waslavi, vampir, likaingia katika lugha za Magharibi. Hapo ndipo ilipoanza safari ya vampaya tunayemjua leo: kijana mtanashati wa riwaya na filamu, anayempenda binti aliye hai.

Ni rahisi kudhani kwamba mapenzi hayo yalibuniwa na waandishi wa mjini. La hasha. Vuk Karadžić, mwanzilishi wa kamusi ya kisasa ya Kiserbia, alieleza imani ya wanavijiji kwamba mfu wa namna hii humrudia mkewe na kulala naye, hasa mke akiwa kijana na mzuri wa sura. Na mtoto atakayezaliwa, walisema, hana mifupa. Kwa wanavijiji, basi, aliyebisha hodi usiku hakuwa mgeni. Alikuwa mume, mwenye nyumba, anayetaka haki zake zote, viatu vikiwemo.

Waandishi walibadilisha mtu wa mlangoni. Mwaka 1748 Mjerumani Heinrich August Ossenfelder alitunga shairi ambamo kijana aliyekataliwa anamtishia msichana kwamba atamjia usiku kama vampaya. Mwaka 1819 Mwingereza John Polidori akamvika mfu joho la ukabaila: Lord Ruthven, bwana wa kumbi za London, anayeoa ili aue. Mkulima wa Kisiljevo akasahaulika, na mke wake akageuka kuwa bikira asiyejua kinachomkabili.

Waserbia wenyewe walilirudisha simulizi nyumbani. Mwaka 1880, miaka 17 kabla ya riwaya ya Dracula ya Bram Stoker, Milovan Glišić alichapisha hadithi iitwayo Baada ya Miaka Tisini. Strahinja, kijana maskini, ananyimwa Radojka, binti wa tajiri mkali. Kwa uchungu anaiacha nyumba yake na kukubali kazi ya kusaga nafaka katika kijiji cha Zarožje, kwenye kinu cha maji ambako kila msagaji hukutwa asubuhi akiwa maiti. Muuaji ni vampaya Sava Savanović. Strahinja ananusurika, kaburi la Sava linapatikana, na mwishowe harusi inafungwa. Huku mapenzi ni ya walio hai, na mfu ni mtihani tu wa kijana anayetafuta mke.

Mwaka 1973 mwongozaji Đorđe Kadijević aliigeuza hadithi hiyo kuwa filamu ya televisheni, Leptirica, na safari hii bibi harusi mwenyewe ndiye anayegeuka kuwa kiumbe cha kutisha. Kufikia 2005, riwaya ya Twilight ya Mmarekani Stephenie Meyer ilipotoka, msichana ndiye anayemwomba vampaya amfanye kama yeye.

Mjane wa Kisiljevo hakuomba kitu kama hicho. Ripoti ya Frombald inamtaja mumewe kwa jina, ila yeye inamwita mke tu, na haisemi kama alivitoa vile viatu. Inasema alikwenda kuishi kijiji kingine.