Bei ya Prosesa na Kompyuta za Kujiundia Nyumbani
Altair 8800, kompyuta iliyotangazwa Marekani mwaka 1975 na kuuzwa vipande vipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe kwa kulehemu, iligharimu chini ya dola 500, lakini kwa bei hiyo ilikuja bila kibodi wala skrini, na kumbukumbu yake, yaani sehemu inayohifadhi data kwa muda, ilikuwa baiti 256 tu. Kwa waliojiundia kompyuta zao nyumbani, uamuzi mzito zaidi ulihusu prosesa, chipu inayotekeleza maagizo ya programu. Septemba mwaka huo kampuni ya MOS Technology ilianza kuuza prosesa yake ya 6502 kwa dola 25, ilhali prosesa ya 6800 ya kampuni ya Motorola iliuzwa dola 175, na tofauti hiyo ndiyo iliyomfanya mhandisi Steve Wozniak abadili mchoro wa mashine iliyokuja kuitwa Apple I, ambayo ilitumia televisheni ya kawaida kama skrini.