Mate si makohozi

Mjomba wangu wa Bunda alikohoa miezi miwili. Akapimwa kifua kikuu, jibu likaja: hana. Wiki mbili baadaye akapimwa tena, akaambiwa anao. Mashine ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kilichokuwamo kwenye kikopo. Mara ya kwanza alitema mate tu, maana hakuna aliyemweleza kwamba yanatakiwa makohozi, yale mazito ya kutoka kifuani.

Ndugu msomaji, kisa hiki kimenirudisha kwenye historia. Tarehe 24 Machi 1882, Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amegundua kijidudu cha kifua kikuu. Wajerumani wenzake, Ziehl na Neelsen, wakaleta njia ya kukitia rangi nyekundu: makohozi yanapakwa kwenye kioo, yanakaushwa kwa moto, yanatiwa rangi, yanasafishwa kwa asidi, kisha darubini.

Mwaka 1977, mwaka ambao CCM ilizaliwa na mzee wetu wa Butiama akiwa Ikulu, Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu kwa msaada wa daktari Karel Styblo. Nguzo yake ilikuwa darubini hiyohiyo, na baadaye dunia ikauiga. Tatizo ni kwamba darubini huhitaji vijidudu kama 10,000 katika mililita moja ndipo ivione.

Desemba 2010, Shirika la Afya Duniani likaidhinisha GeneXpert. Hapa maabara nzima imeingizwa kwenye kikasha cha plastiki kinachoenea kiganjani. Kinachuja, kinapasua vijidudu, kinasoma vinasaba vyao. Vijidudu 131 kwa mililita vinatosha, na majibu hutoka chini ya saa mbili.

Lakini kwanza mkono wa mtu ufanye kazi. Mtaalamu wa maabara anaongeza dawa maradufu ya makohozi, anatikisa, anasubiri dakika 15, ndipo anatia mililita 2 kwenye kikasha. Na mashine haiwezi kujua kama ulileta mate.

Mjomba amemaliza dozi yake ya miezi sita, tunamshukuru Mungu. Ila zile wiki mbili alilala chumba kimoja na wajukuu.

Sasa nauliza: tunaposhangilia mashine mpya, nani anakaa dakika tano na mvuvi wa Musoma au bibi wa Butiama, amwambie, "Vuta pumzi ndefu, kohoa kutoka ndani"? Maneno hayo hayana bei, lakini kipimo kinaanzia hapo.