Nani Huhesabu Waliopona

Hospitali za wagonjwa wa akili za Marekani zilianza karne ya 19 kwa majivuno ya takwimu. Hospitali ya Worcester, Massachusetts, iliyofunguliwa mwaka 1833, ilitangaza kuwa wagonjwa wengi mno walioletwa mapema walipona. Kule Ohio, Dkt. William Awl alitoa hesabu nzuri kiasi cha kubandikwa jina la utani la mponyaji wa wote. Mwaka 1877 Pliny Earle, msimamizi wa hospitali ya Northampton, alizipekua taarifa hizo na kukuta kilichohesabiwa ni ruhusa za kutoka, si watu. Aliyerudi wodini akaruhusiwa tena alikuwa amepona mara ya pili, kisha ya tatu. Earle aliufichua udanganyifu huo, lakini tiba yake ilikuwa hesabu kali zaidi, bado mikononi mwa madaktari. Mgonjwa mwenyewe hakuulizwa.

Hapo ndipo ninapoona kasoro kubwa kuliko ile ya hesabu. Kwa miongo mingi baadaye ilifundishwa kwamba skizofrenia huishia kuporomoka tu, hadi Courtenay Harding na wenzake walipochapisha mwaka 1987 habari za wagonjwa 269 wa Vermont waliofuatiliwa kwa takriban miaka 32: nusu hadi theluthi mbili walikuwa wamepata nafuu kubwa au kupona. Mwaka 1995 likaja dodoso la vipengele 41 la kupima kupona kwa majibu ya mgonjwa mwenyewe, lililotokana na masimulizi ya watu 4 waliopitia maradhi ya akili. Linauliza juu ya matumaini, malengo, utayari wa kuomba msaada, na kama dalili bado zinatawala maisha.

Wapo wanaosema mgonjwa wa akili hawezi kuwa shahidi wa hali yake. Kuhusu dalili, wana hoja. Ndiyo maana vipimo vya daktari havijatupwa. Lakini kama mtu ana sababu ya kuamka asubuhi, shahidi mwingine ni nani? Pingamizi zito zaidi linatoka kwa watumiaji wa huduma wenyewe. Nchini Uingereza, kundi la Recovery in the Bin limelalamika kwamba lugha ya kupona imegeuzwa kisingizio cha kuwaondoa watu kwenye huduma na posho. Hilo silipingi. Ajuaye kwamba alama nzuri itamkatia posho atajaza fomu kwa hofu, na aliyeandaa maswali hata awe mgonjwa mwenzake, majibu yatapinda vilevile.