Adongo, Daniel

Daniel Adongo (amezaliwa 1989) ni mwanaraga wa Kenya aliyeingia katika futiboli ya Kimarekani bila kuwahi kuicheza. Baada ya kucheza raga Afrika Kusini na New Zealand, alisajiliwa na timu ya Indianapolis Colts mwaka 2013, na kabla mwaka huo haujaisha akawa Mkenya wa kwanza kucheza mechi ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Adongo alikuwa mlinzi wa safu ya pili, mwenye kazi ya kumwandama kwotabeki wa wapinzani, yule mpangaji wa mashambulizi anayerusha mpira, na kumwangusha kabla hajarusha. Kwa mtu aliyejifunza kanuni za mchezo huo ukubwani, hayo ni mafanikio ya kupigiwa mfano. Aliachana na Colts mwaka 2015.