Jeraha Lisilo na Damu: Historia ya Kiwewe na Kumbukumbu, kutoka Paris hadi Tarime na Serengeti

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kabla madaktari wa Ulaya hawajaunda istilahi za kueleza kiwewe, lugha yetu ilikwisha kukieleza kiini chake: mwili hukumbuka hata pale akili inapotamani kusahau. Katika makala haya ninakusudia kuipitia kwa ufupi historia ya elimu ya kumbukumbu na kiwewe, hususan ile sura yake iitwayo hipnosisi, kisha niilete nyumbani, katika wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, ambako historia hiyo inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Hipnosisi ni hali ambayo usikivu wa mtu hukusanywa katika jambo moja, naye akawa mwepesi wa kupokea maelekezo ya yule anayemwongoza. Si usingizi, wala si uchawi. Katika karne ya 18 tabibu Franz Anton Mesmer, aliyefanya kazi Vienna na kisha Paris, alidai kuponya watu kwa nguvu ya sumaku iliyomo ndani ya viumbe. Mwaka 1784 Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa aliunda tume ya uchunguzi, Benjamin Franklin akiwa mmoja wa wajumbe wake. Tume ilihitimisha kwamba sumaku hiyo haipo. Kilichofanya kazi ni imani ya mgonjwa mwenyewe. Hitimisho hilo lilimfedhehesha Mesmer, lakini ndani yake mlikuwamo ugunduzi mkubwa: neno la mwenye mamlaka, likiaminiwa, huutikisa mwili.

Mwaka 1843 James Braid, daktari wa Manchester, aliandika kitabu na kuipa hali hiyo jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi. Baadaye, jijini Paris, Jean-Martin Charcot na Pierre Janet waliitumia kuwachunguza wagonjwa ambao viungo vyao vilipooza ilhali hapakuonekana jeraha lolote. Janet alieleza kwamba tukio la kutisha laweza kujitenga na kumbukumbu nyingine, likaendelea kumtawala mtu bila yeye kulitambua. Februari 1915, vita vikiwa vimepamba moto, Charles Myers aliandika katika jarida la The Lancet kuhusu askari waliopoteza uwezo wa kuona na kumbukumbu baada ya mizinga kulipuka karibu nao. Baadhi yao aliwatibu kwa hipnosisi. Hata hivyo, ilibidi kusubiri hadi mwaka 1980 ndipo ugonjwa wa kiwewe ukaingizwa rasmi katika mwongozo wa wanasaikiatria wa Marekani.

Sasa tujiulize: vita vile vilipiganwa Ulaya peke yake? La hasha. Vilipiganwa pia Afrika Mashariki, na jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni ukumbusho wa kikosi cha wapagazi ambamo makumi ya maelfu ya Waafrika walipoteza maisha. Katika Vita vya Pili vya Dunia askari wa Keya walipelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma. Wakurya, ambao mpaka wa kikoloni ulikwisha kuwagawa kati ya Tanganyika na Kenya, waliandikishwa kwa wingi katika jeshi hilo. Waliorejea Tarime walikuwa wameona yale yale aliyoyaeleza Myers. Lakini nani aliwauliza wanaota nini usiku?

Jibu la swali hilo tunalipata katika maandishi ya dola ya kikoloni. J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika mwaka 1953 kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani, ambamo aliilinganisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo. Mwaka uliofuata aliandika ripoti kwa serikali ya kikoloni ya Kenya akieleza Mau Mau kana kwamba ni maradhi ya nafsi zaidi ya kuwa madai ya ardhi na uhuru. Kwa mantiki hiyo, mtu asiyedhaniwa kuwa na undani wa nafsi hawezi pia kudhaniwa kuwa na jeraha la nafsi.

Badala ya kuulizwa habari zao, Wakurya walipewa sifa: ni watu wa vita, wakali, hawaogopi. Mkoloni aliihitaji sifa hiyo alipotafuta askari. Sisi tuliirithi, na leo tunaitamka katika ofisi na vyombo vya usafiri kana kwamba ni jambo la damu. Ilhali mwanaanthropolojia Michael Fleisher, aliyefanya utafiti Tarime katika miaka ya 1990, alionesha kwamba wizi wa mifugo ulibadilika ukawa biashara chini ya ukoloni na soko lake, na kwamba silaha zilizosambaa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 ziliuongezea makali. Hiyo ni historia, si hulka. Hapa ndipo somo la tume ya 1784 linaporudi: mwambie kijana tangu utotoni kwamba yeye ni mkali, naye atajifunza kuficha hofu yake hata kwa nafsi yake.

Kama wavulana wamebebeshwa neno "shujaa", mabinti wamebebeshwa neno "msagane", yaani msichana asiyekeketwa, neno la dharau. Binti anayekeketwa hatarajiwi kulia, kwani kilio chake ni aibu ya ukoo mzima. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba takriban asilimia 32 ya wanawake wa mkoa wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ingawa sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu wanawake wa Dakar, Senegal, ulikuta kwamba takriban theluthi moja ya waliokeketwa walikuwa na ugonjwa wa kiwewe, pamoja na matatizo ya kumbukumbu. Idadi ya waliochunguzwa ilikuwa ndogo, lakini swali lake ni letu pia. Mama anayemsukuma bintiye mbele ya ngariba aliwahi kuzuiwa kulia. Kusema hivyo si kumtetea. Ni kueleza kwa nini adhabu peke yake haijatosha.

Kila ifikapo Desemba, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, mabinti hukimbilia kituo cha Masanga wilayani Tarime na nyumba salama ya Mugumu wilayani Serengeti. Baadhi yao hutakiwa kutoa ushahidi dhidi ya wazazi wao. Hapa historia ya hipnosisi inatupa onyo. Nchini Marekani, katika miaka ya 1980 na 1990, waganga wa nafsi waliotumia njia hiyo kuchimbua kumbukumbu waligundulika kuwa wakati mwingine walizipanda wao wenyewe. Kumbukumbu si shauri lililofungiwa kabatini. Hujengwa upya kila inaposimuliwa, na swali lenye jibu ndani yake huweza kuipotosha.

Kwa maafisa ustawi wa jamii na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, basi, wajibu ni huu: mwacheni mtoto asimulie kwa mwendo wake, msimtilie maneno kinywani, wala msimrudishe kwenye simulizi ileile katika ofisi tano tofauti. Kwa wanaharakati: msichana aliyeokolewa Desemba bado anahitaji msikilizaji Machi, kamera zikiwa zimekwisha kuondoka. Kwa wanafunzi wangu wa historia: nendeni mkawasikilize wazee na bibi zenu wangali hai, na msiende na majibu mkononi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na jamii inayoficha kumbukumbu zake huumbuliwa na watoto wake.